Sura ya Sita: Mlenda wa Meza Kuu

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa amefungwa pingu kwenye nguzo ya turubai, na alikuwa anaimba.

Inspekta Penina Madeha alishuka kwenye pikipiki, akajikung'uta vumbi la njia nzima ya kutoka Mpwapwa, akamtazama mwimbaji, kisha akamtazama Konstebo Ibrahimu aliyesimama kando yake kifua mbele. Konstebo huyo alikuwa na muda mfupi tu tangu ahamishiwe huku kutoka Pemba, na hizo zilikuwa pingu zake za kwanza. Furaha haikufichika.

"Afande, kazi imekwisha," Ibrahimu alisema. "Huyu anaitwa Batholomeo, muuza samaki wa Mtera. Amekiri mwenyewe, tena kwa kipaza sauti, mbele ya kijiji kizima."

"Amekiri nini?"

"Meza kuu ilipokuwa inapakuliwa alikamata kipaza sauti akasema, 'Wagogo, leo nimewamaliza! Nimewatilia dawa kwenye mlenda!' Hazikupita dakika nyingi, meza kuu yote ikawa inatapika."

Penina alimsogelea mwimbaji. "Mzee Batholomeo, kabila lako?"

"Mhehe, afande. Mhehe halisi."

"Na mimi Mgogo. Ulitutilia dawa gani?"

"Ya kuwafanya mpende kazi. Lakini naona imewashinda, imetoka yote."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na Penina akacheka nao, akanyoosha mkono kudai ufunguo wa pingu. Ibrahimu aligeuka rangi. "Lakini afande, amekiri!"

"Amekiri utani, kijana. Hawa ni watani zetu tangu enzi za mababu, na penye shughuli yetu hawana breki. Siku Mhehe akikaa kimya kwenye sherehe ya Wagogo, siku hiyo mkamate."

Hivyo Batholomeo akafunguliwa, akaenda zake akilalamika kwamba pingu za Wagogo hata kutu hazina, na upelelezi ukaanza upya.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kijiji cha Mlamule kilikuwa kimejiandalia siku hii tangu mavuno. Akina mama wa kikundi walipika vyakula vya kwao, ugali wa uwele na wa mtama, mboga ya mlenda wa kila namna, unaovutika kama uzi, nyama ya kukausha, togwa, na wageni wakaja kununua sahani. Chote kitakachopatikana kilikuwa cha kuezekea Nyumba ya Kungojea, ile iliyo jirani na zahanati, ambamo wajawazito wa vitongoji vya mbali wangelala wakisubiri siku zao, badala ya kupakiwa kwenye baiskeli uchungu ukishawakamata. Kuta zilishasimama. Paa halikuwapo, na mawingu ya kwanza ya masika yalishaanza kuchungulia upande wa Kongwa.

Afisa afya wa wilaya, Bi Evarista, alimkuta Penina katikati ya uwanja. Alikuwa mwanamke wa haki, lakini wa haki ile isiyosubiri.

"Inspekta, nakupa mpaka kabla ya jioni," alisema. "Usipopata maelezo, namwaga masufuria yote, na kikundi hiki hakitapikia watu tena wilayani humu. Mpishi mkuu utaondoka naye wewe."

"Masufuria yote? Si waliougua ni wa meza kuu peke yao?"

"Sumu haijui meza kuu. Bahati nzuri watu hawatalala njaa. Jaji wa mapishi, Bwana Raphael, alikuja na gari lake la chakula. Lina pilau la kutosha kijiji. Mwenyewe anaumwa, masikini, lakini ameruhusu liuzwe."

Penina aliligeukia gari. Lilikuwa limeegeshwa kivulini, limeandikwa jina la kampuni ya mjini Dodoma ya kulisha watu kwenye shughuli, na ubavuni mwake jenereta dogo lilikuwa linanguruma.

"Jaji huja kuonja," alisema taratibu. "Huyu wetu alikujaje na pilau la kijiji?"

"Miaka yote tamasha alilisha yeye. Mwaka huu akina mama wamesema watapika wenyewe, maana kila wakimaliza kumlipa walikuwa wanabaki na kazi ya kufagia uwanja. Wakampa ujaji asinune."

"Na hakununa?"

"Alishukuru sana."

Penina alilitazama gari mara ya pili. Alielekea jikoni.

Jiko lilikuwa uani kwa Mama Loisi, mpishi mkuu na mwenyekiti wa kikundi. Masufuria ya wananchi yalikuwa yamefunikwa, moto umepunguzwa, wapishi wamekaa chini mikono mashavuni. Mama Loisi peke yake alikuwa amesimama, mrefu, kanga imekazwa kiunoni, kama mtu anayesubiri kupigwa na ameamua hatapiga kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Mlenda wa meza kuu ulikuwa tofauti na wa wananchi?"

"Ni sufuria moja. Ila wa meza kuu tuliutia karanga, kwa heshima ya wageni. Karanga hutiwa mwisho, mlenda ukishaepuliwa. Nilizitwanga alfajiri mwenyewe, nikazifunika kwenye bakuli pale kwenye kichanja."

"Nani alifika kwenye kichanja?"

"Nani hakufika? Mchungaji alikuja kuombea chakula, diwani alikuja kunusa, jaji alikuja kukagua usafi. Huyo jaji alipopewa kipaza sauti akatukata alama mbele za watu, ati meza kuu haina vijiko hata kimoja. Vijiko! Kwenye mlenda!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata uhai.

Bakuli lilikuwa bado lipo, na kitu kidogo kimebaki chini yake. Penina alikwangua kwa ncha ya kisu, akakitandaza juu ya karatasi nyeupe, akakipeleka juani. Bi Evarista aliyekuwa amemfuata akainama naye. Mlikuwa na chembe nene za karanga, zenye maganda yake mekundu. Katikati yake mlikuwa na unga mwingine, mweupe, laini, wenye vidoa vyeusi vidogo kama punje za baruti.

Penina aligusa vidoa, akavinusa. "Mbono kaburi," alisema.

Bi Evarista alivuta pumzi. Kila mtu wa huku anaujua mti huo. Huoteshwa makaburini na kwenye uzio kwa sababu hata mbuzi hawaugusi. Mbegu yake nyeusi ina kiini kitamu kinachofanana na karanga, na mtoto akidanganyika akala chache, atatapika mpaka aone nyongo. Kisha wote wawili, kwa wakati mmoja, wakainua macho. Uzio wa ua wa Mama Loisi ulikuwa wa mbono kaburi mwanzo hadi mwisho.

"Basi," alisema Bi Evarista. Hakusema kwa furaha. "Mama kachanganya mwenyewe. Kwa kutojua au kwa kujua, hilo utalitafuta wewe."

Wapishi walianza kulia. Mama Loisi hakulia; alikaa chini tu, polepole, kwenye kigoda.

"Leteni kinu," alisema Penina.

Kinu kililetwa. Aliingiza mkono, akapapasa ndani mpaka chini, akatoa vumbi la karanga, maganda mekundu, na hakuna jingine. Akauingiza tena. Kisha akarudi kwenye karatasi yake, akasugua ule unga mweupe kati ya vidole viwili.

"Bi Evarista, hebu gusa. Karanga hizi zimetwangwa. Chembe zake hazilingani, kubwa na ndogo. Huu mwingine ni laini kama poda. Mchi hautoi unga wa namna hii hata ukitwanga mpaka kesho. Umesagwa kwa mashine, na maganda yake." Akageuka. "Mama, hapa pana umeme?"

"Nguzo zimeishia shuleni, mwanangu."

"Mnayo mashine yoyote?"

"Mashine yetu ni mikono."

Penina aliyamimina mabaki kwenye chupa safi, akaifunga, akaandika juu yake, akamwomba afisa afya atie saini kama shahidi. Bi Evarista alitia saini, na safari hii hakuharakisha. Alikuwa anaanza kufikiri, na mtu wa haki akianza kufikiri ni rafiki mzuri wa polisi.

Zahanati ilikuwa hatua chache kutoka pale. Wagonjwa walikuwa wamelazwa popote penye nafasi, na muuguzi alisema hakuna atakayekufa. Wengi walishaanza kuomba uji. Penina alipita kitanda hadi kitanda. Alikuwa na mtindo wake: kwanza anatazama, halafu ndipo anauliza, kwa sababu watu wakishaulizwa hujipanga.

Mchungaji alikuwa na uzi uliokauka unaong'aa kwenye kola yake. Mwalimu mkuu tai yake ilikuwa imegandana. Diwani Mzee Eliakimu, mgeni rasmi, mnene, dripu mkononi, suti yake ya kaunda ilikuwa na michirizi tangu kidevuni mpaka kitambini, utadhani konokono amefanya maandamano. Mzaliwa wa Ugogo hukata uzi wa mlenda kwa kidole bila hata kutazama, lakini kichefuchefu kikimkuta tonge likiwa njiani, hata mzaliwa hasalimiki.

"Ulikula sana, mzee?"

"Nikudanganye ili iweje? Nilikula bakuli langu, nikatazama, nikaona jingine limejaa mbele yangu. Sikuliuliza limetoka wapi. Chakula hakihojiwi."

Kitanda cha mwisho alilala Bwana Raphael, jaji wa mapishi, mkono juu ya paji la uso. Alikuwa kijana nadhifu mwenye ndevu zilizochongwa, utepe wa ujaji bado kifuani, na alimkaribisha Penina kwa mguno.

"Pole sana, Bwana Raphael. Nawe ulikula?"

"Bakuli zima, inspekta. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja mlenda, mimi mtu wa Bukoba. Nikasema niwaheshimu wenyeji. Kumbe najichimbia kaburi!"

"Ulitapika wapi? Nahitaji sampuli."

"Chooni. Nilishamwaga maji."

"Basi nitaomba nguo uliyokuwa umevaa wakati unakula. Mara nyingine matone hubaki."

"Ni hii hii, sijabadilisha. Nilianguka nayo." Akanyoosha mikono ili aonekane vizuri, mtu mwenye ushirikiano.

Penina aliliangalia shati. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Alilitazama tangu kola hadi vikono, akarudia, na moyo wake ukaruka kama wa msichana aliyesikia ngoma ya kwao. Aliagana naye vizuri, akamwambia apumzike, au kama anajisikia nafuu, afike uwanjani kusimamia pilau lake, kwa kuwa tamasha linafungwa.

Nafuu ilikuja haraka ajabu.

Jua lilikuwa limeshuka watu walipoitwa kwenye turubai. Walikuja kwa unyonge, wamejiandaa kusikia masufuria yakimwagwa. Meza kuu ilikuwa imefutwa, na juu yake yaliwekwa mabakuli matatu ya mlenda kutoka sufuria ya wananchi, usio na karanga, na ugali wa uwele unaotoa moshi. Penina aliketi katikati, Mama Loisi kulia kwake. Kiti cha kushoto aliwekewa Bwana Raphael, aliyekuwa ameshaanza kuwaelekeza vijana wake wapange sahani za pilau.

"Jaji, kabla sijaandika maelezo yako," alisema Penina, kwa sauti ya kusikiwa na safu za nyuma, "nataka unihakikishie ladha. Sufuria hii tumeipima kwa njia ya zamani." Akakata tonge, akachovya, akazungusha kidole, akala. Mama Loisi naye akachovya, akakata uzi, akala. "Unaona ni salama. Onja, uniambie kama ndio uliokula mchana."

"Tumbo langu, inspekta..."

"Tonge moja. Ni kwa ajili ya ushahidi."

Macho ya kijiji yalikuwa juu yake. Raphael aliosha mikono, akamega ugali, akachovya, akainua.

Mlenda ukamfuata. Ulitoka bakulini ukiwa uzi mmoja mrefu, ukapanda naye mpaka mdomoni, na alipotafuna ulikuwa bado unaning'inia. Alijaribu kuukata kwa kuinua mkono juu zaidi, ukarefuka. Akaupangusa kwa kikono cha shati; ukagawanyika ukawa nyuzi mbili, moja ikalala kifuani, moja ikazunguka utepe wa ujaji. Watoto walicheka kwanza, kisha mama zao, na mwishowe turubai zima likawa linatikisika. Batholomeo alipiga magoti kwa kicheko.

Penina alingoja kelele zipungue. "Ni tonge moja tu," alisema. "Mchana ulikula bakuli zima, kwa mara ya kwanza maishani, na kichefuchefu kikakukuta mezani. Mchungaji amezaliwa na mlenda, kola yake imegandana. Diwani ndiye usiseme. Wewe mgeni ulitoka na shati kama la komunio. Niambie ulifanyaje, ili na sisi tujifunze."

Kicheko kilikatika. Raphael alijilamba midomo. "Nilitumia... nilitumia kijiko."

Hapakuwa na haja ya inspekta kujibu. Uwanja mzima ulijibu, sauti mia kwa pamoja: "Ulisema hakuna vijiko!"

"Ukatukata alama!" alipaza Mama Loisi, na sasa alikuwa amesimama.

"Bakuli lako hukuligusa," Penina aliendelea. "Ulilisukuma mbele ya Mzee Eliakimu, ambaye chakula hakihoji. Ndiyo maana yeye peke yake amelazwa na dripu. Hukula kwa sababu ulijua kilichomo. Konstebo!"

Ibrahimu alitokea nyuma ya gari la pilau. Alikuwa ameingia humo na Bi Evarista wakati watu wanacheka, kibali cha upekuzi mfukoni. Mikononi, amevaa glovu, alibeba mashine ndogo ya kusagia viungo. Bi Evarista ndiye aliyeifungua mbele ya watu. Chini ya kisu cha mashine mlikuwa na vumbi jeupe lenye vidoa vyeusi, na ganda moja zima la mbono kaburi lililokuwa limekwama pembeni, ambalo mashine haikuliweza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Loisi. "Nguo ya huyu imesema kwamba hakula."

Penina alimwambia Raphael kwamba anakamatwa, na kwamba halazimiki kusema neno. Alisema hata hivyo.

"Sikutaka mtu afe. Nilitaka watapike tu, mjue kazi ya chakula ina wenyewe. Miaka yote nimewalisha mimi!"

"Miaka yote ulilipwa," alisema Penina. "Na wajawazito wakaendelea kupanda baiskeli. Mpeleke, Ibrahimu. Hii pingu ni ya haki, ikaze."

Vigelegele vilipasuka. Wapishi waliokuwa wanalia walimwinua Mama Loisi juu juu mpaka akaomba kushushwa, na kwaya ya kanisa ikaanza wimbo kabla hata mwalimu wake hajafika. Bi Evarista alipanda kwenye kiti, akachukua kipaza sauti, akasema wazi kwamba alikosea, kwamba jiko la Mlamule ni safi, na kwamba tamasha limefunguliwa. Akashangiliwa naye.

Kisha pakatokea jambo ambalo Penina hakuwa amelihesabu. Mama Loisi alifunua sufuria kubwa, akashika upawa, akasubiri. Watu walimshangilia, walimpenda, walimwonea fahari, ila hakuna aliyesogea. Mama mmoja alimrudisha mtoto wake nyuma taratibu kwa kumvuta nguo. Ukweli ulikuwa umeshafika masikioni. Matumboni ulikuwa bado. Upawa ulibaki hewani, na uso wa Mama Loisi ukaanza kurudi ulivyokuwa uani, mchana ule wa balaa. Penina alijiona mjinga. Mhalifu alikuwa ameshamkamata, lakini hofu hakujua atakamata wapi.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Mzee Eliakimu alikuwa anakuja kutoka zahanati, miguu peku, pamba imebandikwa mkononi palipokuwa na dripu, muuguzi akimkimbilia nyuma na viatu vyake. Hakusimama kumsalimu mtu. Alifika mbele ya sufuria, akachukua sahani, akainyoosha.

"Mama Loisi," diwani alisema, bado anahema, "ule wa mchana wote umenitoka. Nidai nini kwenu, kama si mwingine?"

"Mzee, umeugua..."

"Nimeugua kwa mbono. Kwa mlenda bado sijaugua, na njaa ninayo. Pakua!"

Mama Loisi alipakua. Mgeni rasmi alikula amesimama, akakata uzi kwa kidole bila kutazama, akanyoosha sahani tena. Nyuma yake akaja mchungaji, kola imelegezwa. Nyuma ya mchungaji mwalimu mkuu. Batholomeo akapiga kelele kwamba Wagogo wakiachwa watamaliza chakula chote, akachomoka mbio kupanga mstari, na hapo kila mtu akakimbia.

Simu ya Penina ililia. Alikuwa mkuu wake, kutoka kituoni.

"Inspekta, habari za huko?"

"Mtuhumiwa tunaye, afande, na vielelezo. Amekiri mbele ya mashahidi. Tamasha linaendelea."

"Safi sana! Nakutumia gari sasa hivi, mrudi naye."

"Naomba lije baadaye kidogo, afande. Nipo kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya mlenda."

Mkuu akashusha sauti. "Ni ndefu?"

Penina alijinyoosha kwenye vidole vya miguu, sahani kifuani. Mstari ulizunguka turubai, ukapita zahanati, ukapita kuta zile zinazongoja paa, ukakata kona ya barabara, na huko barabarani pikipiki zilikuwa bado zinashusha watu.

"Mwisho wake siuoni, afande."